Siku Kanisa Lilipoezua Nyumba ya Mama Danieli

Vijana wangu wa ustawi wa jamii, siku ile mliponialika ukumbini Masasi niwaase waajiriwa wapya, mlinipa dakika tano. Tatu zikaliwa na utambulisho, moja ikaliwa na kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma, na hiyo iliyobaki mkaniambia nifupishe. Sikukasirika. Haya, nilikasirika. Nimekaa nyumbani wiki nzima nimenuna, mpaka mke wangu akasema niandike basi, watu wapumue.

Nimefanya kazi hii miaka thelathini na ushei, Masasi kwanza, kisha Newala, kisha nikawa napanda na kushuka kati ya huku na kule mpaka nikastaafu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa dini Lulindi. Nimekua na kengele ya kanisa masikioni, na nilipoajiriwa nilidhani serikali na dini ni majirani wenye ua katikati: wao watoe sadaka, sisi tutoe huduma, tusalimiane asubuhi kila mtu aende zake. Ua huo nimeutafuta kazi yote sijauona.

Chukueni mkutano wa kijiji wa kutaja kaya maskini. Kitabu cha mwongozo kinasema mkutano ufunguliwe, ajenda isomwe, wananchi wapendekeze majina. Hakisemi kwamba huku kwetu mkutano haufunguliwi bila kuomba Mungu, na kwa kuwa tuko wa kanisa na wa msikiti, tunaomba mara mbili. Mkutano wangu wa kwanza, shehe alisimama akaomba dua nzuri sana, na katikati ya dua akamkumbusha Mwenyezi Mungu juu ya mjane fulani wa karibu na kisima, na mzee fulani mwenye macho mabovu, na baba yule ambaye nyumba yake iliungua. Padre naye akasimama. Akamwomba Bwana awatazame watu wake, akawataja kumi na mmoja, na wa mwisho akamtaja mara mbili kwa sababu alikuwa na watoto mapacha. Mimi nimefumba macho kwa heshima. Nilipofumbua na kusoma ajenda, nikauliza nani apendekezwe, wote wakanitazama kama mtu aliyefika msibani baada ya maziko. Majina yalishatajwa. Tena yalitajwa kwa Mungu, ambaye ni mkubwa kuliko mkurugenzi.

Tangu siku hiyo, wakati wa sala mimi huinamisha kichwa, lakini daftari liko wazi mapajani. Ninyi mna vishikwambi, sijui mtavificha wapi, lakini hilo mlishike.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Chitanda, mkubwa wangu wa kwanza pale Newala, mtu mfupi, mkali, mwenye baiskeli isiyokuwa na breki na asiyeihitaji. Nilipofika nilipewa chumba kwa mwalimu mmoja. Asubuhi yangu ya kwanza nikaoga ndoo nzima, sabuni ikabaki masikioni, nikaomba ndoo nyingine. Nikaletewa, kimya. Mimi ni mtu wa Lulindi, nilidhani ndoo ya maji ni ndoo ya maji. Mzee Chitanda akaja na madumu mawili, akaniambia nishuke nayo bondeni nikateke, na nisirudi mpaka yamejaa. Nilirudi mchana. Akanisimamisha mbele ya mke wa mwalimu nikaomba radhi, halafu akanionyesha mapaa. Akasema huku juu ya mlima mtu haezeki bati ili apendeze. Anaezeka ili mvua ishuke kwenye mfereji, mfereji uingie kwenye kisima alichochimba ubavuni mwa nyumba, naye anywe mpaka masika nyingine. Mwenye nyasi hana maji. Akaniuliza kama nimeelewa, nikasema nimeelewa. Mnajua mtu anavyosema ameelewa ili akae chini.

Sasa ndiyo nifike kwa Mama Danieli.

Huyu alikuwa mjane wa Kianglikana katika kijiji kimoja cha upande wa Newala. Jina la kijiji nalihifadhi, wenyewe wakisoma watajijua. Jina lake la ubatizo ni Perpetua. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba miaka, jembe hakuliweza tena. Mwanawe Danieli, mtu mzima, alianguka kutoka kwenye mkorosho, tangu hapo hatembei. Wote wawili waliishi kwa mihogo ya kupewa. Kama kulikuwa na kaya moja Tanzania nzima iliyostahili kuingia kwenye mpango wa serikali wa kaya maskini, ni hiyo. Jina lake lilitajwa na padre kwenye sala, na, sikilizeni, likatajwa na shehe pia kwenye dua. Sijawahi kuona hilo tena.

Tatizo lilikuwa juu. Miaka miwili kabla yake, akina mama wa kanisa walichanga wakamwezekea mabati na kumchimbia kisima, maana asiyeweza kutembea na mwenye mguu mbovu hawawezi kushuka bondeni. Na fomu yetu ilikuwa na swali: paa la nyumba ni la nini? Ukijibu nyasi, unahesabiwa maskini. Ukijibu bati, mashine inakuona unajiweza. Waliotunga swali hilo wanakaa mahali ambapo maji hutoka ukutani. Mimi nilikuwa nimelijaza swali hilo miaka, kijiji baada ya kijiji, bati, nyasi, nyasi, bati, wala sikuwahi kumkumbuka Mzee Chitanda.

Nikakosea hapo. Nilikutana na padre wa kijiji kile njiani, kijana mmoja mwembamba, mwenye imani kubwa na haraka kubwa zaidi. Akaniuliza vipi Mama Danieli. Nikalalamika tu kama watumishi tunavyolalamika. Nikasema ana kila sifa, kinachomponza ni bati. Nikasema, "Padre, lisingekuwa lile bati, angepita asubuhi na mapema." Nikaenda zangu kula.

Jifunzeni. Mtumishi wa serikali akilalamika mbele ya mtu wa Mungu, anasikilizwa kama anayetoa maelekezo.

Wiki iliyofuata Mama Danieli alikuwa Mkomaindo, amepelekwa hospitali kwa ajili ya mguu. Jumamosi baada ya ibada ya asubuhi, padre, akina mama wa kanisa na wanakwaya wakapanda juu ya nyumba wakang'oa mabati yote. Danieli alikuwa ndani amelala kitandani. Walimwomba ruhusa, akawapa, wakamfunika shuka usoni kwa ajili ya vumbi. Alinisimulia baadaye kwamba ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote tangu aanguke, maana alikuwa hajaona anga lote kwa wakati mmoja kwa miaka mingi, na kwaya ilikuwa juu yake inaimba sauti zote nne. Wakaezeka nyasi. Wanakwaya si mafundi, mjue. Likawa paa la kutazama, si la kulala chini yake.

Mabati wayaweke wapi? Kanisani hapafai, mkaguzi wa mpango akija angeuliza. Shehe akasema yaletwe msikitini. Akayapanga barazani, akayafunika jamvi, akasema hii ni amana, na amana ya jirani hailali nje. Basi yakakaa pale, na waumini wakawa wanavua viatu pembeni mwa mabati ya mjane wa Kianglikana wakiingia kuswali.

Mama Danieli akarudi Jumatatu. Akasimama uani kwake akalitazama paa muda mrefu. Majirani wanasema neno lake la kwanza lilikuwa la Kimakonde, nami siliandiki kwa kuwa haya yanaweza kusomwa kanisani. La pili likawa swali: wezi gani hawa wanaoiba bati halafu wanakuezekea nyasi? Padre akaletwa. Akaeleza yote, fomu, swali, mashine, mpango. Mama akamwambia, "Padre, miaka yote nakuja kwako kuungama dhambi zangu. Leo umenitengenezea moja, ukaniezekea juu ya kichwa."

Padre akasema hakuna aliyesema uongo, bati limehama tu. Danieli akasema kutoka ndani, "Mama, mimi ndiye niliyewaruhusu. Tukikosa mpango huu tutakula nini?" Danieli hakuwa mtu wa kuomba. Mwishowe mama akasema hatasema uongo, lakini pia hatasema sana.

Siku ya uhakiki tukaja wawili. Mimi na binti mmoja kutoka makao makuu, Bi Jesca, msomi, mpole, viatu vyeupe. Yeye ndiye mwenye kishikwambi, mimi ni mwenyeji wake. Wallahi sikujua lolote. Nilipoingia uani nikaona nyasi, moyo ukanipiga paa. Nikamtazama padre, padre akatazama mawingu. Mawingu yalikuwepo kweli, meusi, upande wa bonde la Ruvuma, na hewa ilikuwa imesimama.

Tukasalimiana. Mimi shikamoo, yeye marahaba. Bi Jesca naye shikamoo, marahaba. Maswali yakaanza. Anaishi na nani, anakula mara ngapi, ana kuku. Mama anajibu vizuri. Ikaja zamu ya paa.

"Mama, paa la nyumba yako ni la nini?"

Mama Danieli akafikiri. "Leo?"

Bi Jesca akaangalia kishikwambi. Hakuna sehemu ya leo. Akasema, "Ndiyo, leo."

"Leo ni nyasi."

Ingeishia hapo. Kidole cha Bi Jesca kilikuwa kinashuka. Lakini radi ikapiga, na upepo ukaja na ile harufu ya mvua ya kwanza ambayo mtu wa Newala akiisikia anaacha hata mazungumzo ya mahari. Sasa eleweni hesabu ya mvua huku. Mvua ya kwanza huosha bati, inayofuata hujaza kisima. Kisima cha Mama Danieli kilikuwa kikavu kabisa, na siyo yeye peke yake aliyekitegemea, nyumba tano za jirani zilichota pale. Akaiacha fimbo yake, akasimama kwa mguu ule mbovu, akasema, "Padre, rudisha bati langu. Mvua haisubiri fomu."

Padre akamtazama Bi Jesca. Akanitazama mimi. Akavua kanzu.

Kilichofuata sijui nikieleze vipi. Akina mama wa kanisa, ambao kumbe walikuwa wamejificha nyuma ya nyumba wakisubiri kushangilia, wakatokea wote na kupanda juu wakatupa nyasi chini. Kutoka msikitini ukaja msafara: shehe mbele, vijana wa madrasa na baba zao nyuma, kila mmoja na bati kichwani, wanakimbia, na bati linapiga kelele kama harusi. Wanapita mbele ya Bi Jesca mmoja mmoja, na kila anayepita, kwa kuwa ni watu wenye adabu, anasema shikamoo. Yeye ni binti wa miaka ishirini na kitu. Anaitika marahaba huku anashika kishikwambi kisiloe. Danieli ndani anaelekeza kwa sauti, huyu asogee kulia, huyu apigilie, maana alikuwa seremala kabla ya kuanguka. Mwanakwaya wa besi na muadhini wameshika bati moja, kila mmoja anavuta upande wake. Wakaezeka upande wa kisima tu, upande wa pili ukabaki nyasi nusu na uwazi nusu. Matone ya kwanza yakashuka, yakaosha. Yakaja ya pili, mazito, mfereji ukaanza kuimba, na maji yakaingia kisimani. Watu wazima wakapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, siwafichi.

Halafu tukasimama chini ya upenu, tumelowa, na Bi Jesca bado ana fomu.

Akauliza kwa upole bati hili ni la nani. Padre akasema ni la kanisa, mama kaazimwa tu. Shehe akasema ilikuwa amana. Bi Jesca akamgeukia mwenyewe. Mama Danieli akasema alipewa kwa jina la Mungu, basi ni la Mungu. Bi Jesca, masikini, alikuwa anatafuta njia ya kusaidia, nilimwona. Akachagua kwenye fomu sehemu ya nyumba isiyo ya mhusika. Kishikwambi kikataka jina kamili la mwenye nyumba, namba ya kitambulisho cha taifa na namba ya simu. Padre akasema labda iwekwe ya kwake. Shehe akasema hapana, hiyo itakuwa kujipandisha cheo.

Bi Jesca akanisogelea. "Mzee, wewe ni mwenyeji. Niandike nini?"

Wanangu, hapo ndipo mtu mzima hupimwa. Ningeweza kumwambia habari ya mapaa, mlima, mfereji, bonde. Nilikuwa nayo yote kichwani tangu ujana. Lakini nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu, na niliogopa kuonekana nilishiriki kuezua. Nikamwambia, "Andika unachokiona."

Alikuwa anaona bati. Akaandika bati.

Jina likakatwa. Niliona aibu, na bado naiona. Nikaenda mwenyewe kumwambia, na hili nalo mlishike: habari mbaya msiitume kwa mtendaji wa kijiji, ipelekeni kwa miguu yenu. Mama Danieli akasikiliza. Akaniuliza kama tumeandika ukweli, nikasema ndiyo. Akasema basi hana ugomvi nami. Afadhali angenitukana.

Ndipo nikaandika rufaa. Sijawahi kuandika barua ndefu vile hata nilipokuwa naposa. Nikaeleza kwamba kwenye mlima huu paa la bati ni chanzo cha maji, si dalili ya utajiri. Padre akasaini, shehe akasaini, akina mama wa kanisa wakasaini wote mpaka karatasi ikaisha. Tukapeleka.

Jibu likaja baada ya miezi. Kwa kuwa tumekiri wenyewe kwamba paa lile ni chanzo cha maji kinachotumiwa na nyumba kadhaa, faili limehamishiwa idara ya maji. Idara ya maji ikaleta watu wawili wakalipima paa, wakampa mama maelekezo ya kuunda kamati ya watumiaji, yenye mwenyekiti, katibu na mjumbe wa jinsia nyingine. Kamati ikaundwa. Danieli akawa mwenyekiti, akiongoza vikao kitandani. Shehe katibu. Vikao vilifunguliwa kwa sala mbili. Na ndani ya nyumba ile bado waliishi kwa mihogo ya kupewa, kanisa wiki hii, msikiti wiki ijayo.

Nikaandika tena. Nikampigia Bi Jesca simu, nikamwambia ukweli wote, pamoja na woga wangu. Naye akaibeba rufaa ile mkononi ofisi hadi ofisi, Mungu ambariki. Mwezi wangu wa mwisho kazini, jina la Mama Danieli likarudi kwenye orodha.

Nikapanda kwake na karatasi ya kuthibitisha na kidau cha wino wa kidole. Nilikuwa na furaha ya mtoto. Nilitegemea shukrani, nitasema uongo nikikataa. Yeye akakaa, akaipindua karatasi, akauliza kama hii ni sadaka au ni haki yake. Nikasema kwa fahari kabisa kwamba ni haki yake, serikali haitoi sadaka.

"Kanisa lilinipa sadaka," akasema, "halikutaka kuniona uchi kwanza. Nyinyi mnaonipa haki yangu ndio mlionivua paa."

Nikajificha nyuma ya methali, kama kawaida yetu. Nikamwambia, "Mama, mficha uchi hazai."

"Nimezaa saba mimi, mwanangu. Sikuzaa mbele ya mkutano wa kijiji."

Akachovya kidole mwenyewe, akakibonyeza kwenye karatasi, akajipangusia kwenye nyasi. Halafu akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza habari za safari. Wale wengine wenye bati huku mlimani, wasiokuwa na padre wala shehe wa kuwapandia juu, niliwakata wangapi?

Nikamwambia sijui. Ni kweli sijui, wanangu. Niliwaandika wote kwa mkono wangu.